Shabana na Toleo Lijalo

Kila mwaka, tangu Julai hadi mwisho wa Septemba, katika vibanda vya michezo ya video vya Kisii na Nyamira huwako mjadala mmoja ambao, kwa joto lake na kwa urefu wake, haupungui ule wa barazani kwetu wakati wa kungojea mwezi uandame. Huyu asema keshapata habari kwa mtu wa kuaminika. Yule asema hapana, hakuna aliyeona kwa macho yake. Wa tatu asema haidhuru, tungojee tu, siku hazigandi. Kingojewacho huko si mwezi, bali ni toleo jipya la mchezo wa kandanda uitwao EA Sports FC, ambao mpaka toleo la 2022 ulikuwa ukiitwa FIFA.

Kwa faida ya wale wasioufahamu mchezo huu, na najua wamo wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, nieleze kwa ufupi. Ni mpira uchezwao ndani ya televisheni. Mchezaji hushika mkononi chombo chenye vifungo, ambacho vijana wa huko hukiita padi, na kwa kuvibonyeza huwaendesha watu kumi na mmoja walio kwenye kioo. Watu hao si wa kubuniwa. Ni hao hao akina Mohamed Salah na Erling Haaland tuwaonao kila Jumamosi, wana sura zao na majina yao na hata mwendo wao. Kila mmoja hupewa alama zake, na kipeo cha alama ni 99: mbio zake kiasi gani, mkwaju wake kiasi gani, chenga zake kiasi gani. Kampuni yenyewe ni Electronic Arts ya Marekani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993, na tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila ya toleo jipya.

Toleo jipya kwa mashine ya PlayStation 5 huuzwa kiasi cha dola 70, yaani zaidi ya shilingi 9,000 za Kenya, na hizo si fedha za kuchezewa na kijana wa Keroka anayechuma majani chai au kusukuma mkokoteni. Kwa hiyo kila kitu hupita kwa mwenye kibanda. Yeye ndiye anunuaye, na vijana humlipa shilingi kumi au ishirini kwa mechi. Tena vibanda vingi, hasa ukishatoka mjini Kisii ukapanda kuelekea Kebirigo na Ekerenyo, vina mashine za zamani ambazo haziwezi hata kulipokea toleo la mwaka huu. Maana yake ni kwamba wengi wa hao wanaobishana mpaka mate yakawakauka, mchezo wanaoubishania watakuja kuugusa baada ya miaka miwili au mitatu, na wengine hawataugusa kabisa.

Jambo hili ndilo lililonivuta niandike. Mtu kukisia kuhusu kitu chake si ajabu. Lakini mtu kukaa kitako kukisia kuhusu kitu kilichotengenezwa mbali, na watu wasiomjua, na ambacho hata kikija hakitamfikia upesi, basi hapo pana jambo la kutazamwa.

Nilikaa Kisii na Nyamira majuma mawili kwa shughuli nyingine, na kila jioni, mvua ya huko ilipokwisha kunyesha, nilikuwa sina pa kwenda ila barabarani, na barabarani vibanda ndivyo vyenye taa. Nikawa naingia. Mwanzoni walinidhania mzazi niliyekuja kumtoa mwanangu kwa kiboko. Walipoona sina mtoto wala kiboko, wakanipa kigoda. "Mzee, karibu," wakaniambia, "lakini hapa hatuzungumzi siasa." Na kweli hawakuzungumza siasa, ingawa kubishana kwao kulikuwa na hoja nyingi zaidi kuliko siasa yetu.

Wako wazee wa huko, na wa kwetu pia, wasemao kwamba huu wote ni upuuzi. Mimi sikubaliani nao. Kukisia yajayo ya hadithi ni jadi ya zamani sana. Yule bibi wa Alfu Lela u Lela aliokoa shingo yake kwa sababu mfalme alitaka kujua ya kesho. Na sisi tulipokuwa watoto, redio ilipokatiza mchezo wa kuigiza mahali patamu, mtaa mzima ulikuwa na mwisho wake. Mwenye duka ana wake, fundi cherahani ana wake, na shangazi ana wake ulio bora kuliko wa mwandishi. Vijana wa Nyamira wanafanya hayo hayo. Tofauti ni kwamba wao wana ushahidi wa kuchambua. Hukumbuka toleo gani lilileta nini, mkataba gani unakwisha mwaka gani, na kampuni ilisema nini mwaka juzi ikafanya nini mwaka jana. Nilimsikia mmoja, umri wake hauzidi miaka kumi na saba, akieleza tofauti ya haki za ligi na haki za klabu, na sijui kama wako viongozi wengi wa mpira wa nchi hii wawezao kuieleza hivyo.

Chukua mathalan mwaka 2022. Tarehe 10 Mei mwaka huo Electronic Arts ilitangaza kwamba itaachana na Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, baada ya karibu miaka thelathini ya kutumia jina hilo. Sababu kubwa ilikuwa fedha: magazeti ya Marekani yaliandika kwamba FIFA ilitaka zaidi ya dola bilioni moja kwa kila kipindi cha miaka minne. Vibandani, niliambiwa, palikuwa kama msibani. Wako walioapa kwamba mchezo umekufa. Wako waliosema FIFA itatengeneza wake na huo ndio utakaokuwa wa kweli. Na wako wachache, werevu, waliosema: jina ni la FIFA, lakini wachezaji, klabu na ligi wana mikataba yao mbali, ondoa jina, mchezo utabaki vile vile. Hao wachache ndio waliopatia. FIFA 23 lilikuwa la mwisho kwa jina hilo, na tarehe 29 Septemba 2023 likatoka EA Sports FC 24, mpira ule ule kwa kanzu nyingine. FIFA nayo ikaenda kutafuta wenzi wengine, Konami wa Japani kwa mashindano yake ya mwaka 2024, na Desemba 2025 ikatangaza mpango wa mchezo wake kwa njia ya Netflix.

Kisha Septemba 2025 kukatangazwa jambo kubwa zaidi, kwamba Electronic Arts yenyewe itanunuliwa kwa dola bilioni 55, na katika wanunuzi mkubwa wao ni hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia. Hapo ukisiaji ukapata uwanja mpana. Je, Ligi ya Saudia itapambwa kuliko nyingine? Je, bei itapanda? Mmoja aliniuliza mimi, kwa kuwa ni mtu wa Pwani na nimevaa kofia, kama nina habari zozote kutoka huko. Nilimjibu kwamba mimi na hazina ya Saudia hatujuani.

Si mpira peke yake. Upo mchezo mwingine, wa wezi wa magari na majambazi, ambao sina neno la kuusifu, uitwao Grand Theft Auto. Toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013. La sita lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023, likaahidiwa mwaka 2025, likasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha likasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Mtoto aliyezaliwa toleo la tano lilipotoka amekwisha kubaleghe. Katika muda wote huo watu wamechambua picha chache zilizotolewa, kipande kwa kipande, kama wasomao nyota. Lakini hapo mkisiaji wa Kisii ni mtazamaji tu. Mji wa mchezo huo ni wa Marekani, mambo yake ni ya Marekani, na hakuna anayetarajia kuikuta Suneka ndani yake. Katika mpira ni vingine. Mpira uko Kisii.

Kabla sijafika huko, nitenge neno moja. Nisemapo kukisia sisemi kamari. Najua kwamba siku hizi neno "kubashiri" limekwisha chafuliwa na makampuni ya kamari hata likitajwa mbele ya mzazi yeye hushika kichwa. Vijana hawa wengi wao hubishana bure. Lakini mlango wa kamari umo ndani ya mchezo wenyewe, na si haki kuufumbia macho. Iko sehemu iitwayo Ultimate Team, ambamo mtu hununua pakiti ya kadi za wachezaji bila ya kujua ndani mna nani. Pengine atapata Kylian Mbappé, pengine atapata beki wa daraja la tatu. Anatoa fedha ya kweli kwa bahati. Mwezi wa Aprili 2018 wakuu wa Ubelgiji waliamua kwamba pakiti za namna hii ni kamari kwa sheria yao, na Januari 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti hizo. Hao ni Wabelgiji, ambao kamari kwao ni halali yenye leseni. Sisi tunaoijua hukumu yake tungetarajiwa kuwa wa mwanzo kuuliza, lakini sijasikia mtu wetu aliyeuliza. Kule vibandani sehemu hiyo haichezwi sana kwa sababu moja njema na moja mbaya: hawana fedha, na intaneti ni ya kubahatisha.

Sasa turudi kwenye mjadala wenyewe. Katika yote waliyoyakisia, alama za Lamine Yamal, sauti mpya za watazamaji, namna mpya za kupiga penalti, lipo swali moja ambalo likitajwa hata anayecheza husimamisha mchezo. Swali hilo ni hili: Shabana wataingia lini?

Shabana ndiyo klabu ya Wagusii wote, wa Kisii na wa Nyamira, haijali mpaka wa kaunti. Katika miaka ya themanini ilikuwa jina la kutisha katika ligi yetu, na watu wa makamo bado humtaja Henry Motego kama sisi tumtajavyo Ali Kajo wa Feisal. Mwaka 2006 ilishuka daraja. Ikakaa huko chini miaka 17, na mwaka 2023 ikapanda tena Ligi Kuu, na walioona msafara wa mashabiki wake wakiimba "Tore Bobe" kutoka Kisii hadi viwanja vya mbali hawana haja ya kuelezwa na mimi maana ya mapenzi ya klabu. Basi kijana mwenye mapenzi hayo huingia kibandani, hushika padi, na hutakiwa achague timu. Huchagua Arsenal. Hana la kufanya. Ligi Kuu ya Kenya haijapata kuwamo katika mchezo huo hata mara moja, wakati klabu mbili za Afrika Kusini, Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, zimewahi kuwamo miaka kadhaa.

Nilipomuuliza kijana mmoja wa Nyansiongo kama hilo lamsumbua, alinijibu kwa upole, "Mzee, hapa najua alama za kipa wa pili wa Brighton. Kipa wetu mwenyewe sijui hata ana urefu gani." Sikuwa na la kumwongezea.

Lakini tazama mambo yalivyo ya ajabu. Katika miaka ya themanini mshambuliaji mmoja aitwaye Mike Okoth alichezea Shabana kabla hajaondoka nchini, akafika Ubelgiji na kufanya kazi yake huko. Mwanawe akazaliwa Ostend mwaka 1995, akaitwa Divock Origi. Huyo ndiye aliyeifunga Barcelona mabao mawili tarehe 7 Mei 2019 Liverpool ilipopata ushindi wa mabao 4 kwa 0, na ndiye aliyefunga bao la pili katika fainali ya Ulaya huko Madrid tarehe 1 Juni mwaka huo. Origi amewahi kuwamo katika mchezo, kwa sura yake na jina lake. Miaka nenda miaka rudi vijana wa Kisii wamemwendesha kwa vidole vyao wasijue, wengi wao, kwamba baba yake aliwahi kuvaa fulana ya klabu yao. Nilipolisema jambo hili katika kibanda kimoja karibu na soko la Keroka, walidhani nawatania. Mmoja akatafuta katika simu yake, akanyamaza, akampa mwenzake simu asome. Jioni ile Liverpool ilichaguliwa na kila mtu.

Tatizo basi si kwamba damu ya mpira wetu haifai. Ni nini? Vijana wenyewe wamegawanyika. Wako wasemao ni dharau ya wazungu. Wako wasemao tungoje Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Septemba 2023 Shirikisho la Afrika liliwapa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Wanasema kampuni haitaweza kulipuuza. Hoja yao ina mifano. Kombe la Dunia la 2018 liliongezwa bure katika FIFA 18, na la 2022 katika FIFA 23. Kombe la klabu za Amerika ya Kusini, Copa Libertadores, liliongezwa Machi 2020 katika FIFA 20. Kombe la Ulaya la 2024 nalo liliongezwa katika toleo la mwaka ule. Kombe la Afrika halijapata kutengenezewa nyongeza ya namna hiyo, na wao wanakisia kwamba likichezwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ndipo zamu itakapofika.

Mimi nina shaka, na shaka yangu nimeijenga juu ya habari za nchi mbili.

Ya kwanza ni Iceland, kisiwa cha baridi chenye watu wachache kuliko Mombasa. Mwaka 2016 timu yao iliingia katika Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza, na tarehe 27 Juni ikaitoa Uingereza. Dunia nzima ikawa Iceland. Kila mkisiaji aliapa kwamba FIFA 17, iliyokuwa inatoka miezi mitatu baadaye, haitaweza kutoka bila yao. Ikatoka bila yao. Mkuu wa chama chao cha mpira alieleza mwenyewe kwamba kampuni ilitaka kutoa kiasi cha dola 15,000 tu kwa haki za jina na jezi, nao wakakataa. Mwaka uliofuata wakaelewana, wakaingia. Ushindi juu ya Uingereza haukuwaingiza. Karatasi ndiyo iliyowaingiza.

Ya pili ni India. Timu yao haijapata kucheza fainali za Kombe la Dunia. Ligi yao kubwa, Indian Super League, ilianza kuchezwa mwaka 2014. Mwaka 2021, katika FIFA 22, ligi hiyo ikaingia na klabu zake zote, majina na jezi. Miaka saba tu. Wana soko kubwa, ni kweli, na hilo hatuwezi kulidai. Lakini walikuwa pia na ligi moja yenye mkono mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya klabu zote, wachezaji walioandikishwa sawasawa, na picha za kila mmoja.

Na sisi je? Novemba 2021 serikali iliuvunja uongozi wa Shirikisho la Kandanda la Kenya kwa madai ya ubadhirifu. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikatufungia nje ya mpira wa dunia, na hatukufunguliwa mpaka Novemba 28 mwaka ule ule. Fikiri: katika mwaka ambao Electronic Arts ilikuwa ikizunguka kutia mikataba mipya na ligi na klabu za kila upande ili mchezo wake usimame bila ya jina la FIFA, mwaka ambao milango yote ilikuwa wazi kwa muda, sisi tulikuwa hatuna hata mtu anayetambuliwa wa kupokea barua. Hakuna mkisiaji yeyote wa Nyamira aliyelitia hilo katika hesabu zake, nami nadhani ndilo lililo zito kuliko yote. Shirikisho lilipata uongozi mpya katika uchaguzi wa Desemba 2024. Agosti 2025 tukawa wenyeji, pamoja na jirani zetu, wa michuano ya CHAN, na timu yetu ikafika robo fainali, ikatolewa na Madagascar kwa penalti mbele ya uwanja uliojaa. Kwa hiyo udhuru wa zamani hatunao tena.

Nasema hivi bila ya kumtafuta mtu wa kumlaumu. Klabu nyingi zetu hazina hata picha moja nzuri ya kila mchezaji wake, iliyopigwa msimu huu, yenye jina lililoandikwa kwa herufi sahihi. Alama iliyo kifuani haijulikani ni ya nani kisheria. Pengine ni ya aliyeichora, pengine ni ya mwuza fulana aliye sokoni. Mchezaji anasajiliwa leo, mwezi ujao yuko kwingine, na mkataba wake hautaji neno juu ya sura yake kutumiwa katika michezo ya video. Kampuni yoyote, hata ikiwa na moyo mweupe kama maziwa, haiwezi kununua kitu ambacho mwenyewe hajulikani.

La kushangaza ni kwamba kazi hii vijana wamekwisha kuianza bila ya kutumwa. Tangu FIFA 22 mchezo una sehemu inayomruhusu mtu kuunda klabu yake: huipa jina, rangi, jezi, uwanja, na kuitia katika ligi aitakayo. Katika kibanda kimoja cha Nyamira niliwakuta wamekwisha kuiunda Shabana. Wameitia daraja la pili la Uingereza, wakaipandisha. Wachezaji walibadilisha majina mmoja mmoja, usiku kucha, na alama za kila mmoja zilipigiwa kura. Mabishano yalikuwa makali juu ya winga mmoja: wengine walitaka mbio zake ziwe 91, na mwenye kibanda, ambaye alisema amemwona uwanjani Gusii kwa macho yake, alikataa kuzidisha 78. Hatimaye wakampa 84. Kwa kukisia huku wamefanya orodha ambayo, nathubutu kusema, ni kamili kuliko nyingi za maofisini. Kasoro ni moja tu. Mtangazaji wa mchezo, ambaye ni Mwingereza, hawezi kuyatamka majina yao, kwa hiyo hunyamaza. Bao linaingia, uwanja unalipuka, naye anasema "mshambuliaji" basi.

Na hapa nisimame kidogo juu ya lugha, kwa kuwa ni jambo linalotuhusu sisi wa Pwani hata kama hatujali Shabana wala Bandari. Mchezo huu una sauti za watangazaji kwa lugha nyingi, na Kiarabu kimo miaka mingi; wale wenye kupenda utangazaji wa Issam Chawali wa Tunisia wanaweza kumsikia humo. Kiswahili hakimo. Si kwa kukosa watangazaji. Yeyote aliyewasikiliza Azam wa Tanzania wakitangaza mechi ya Simba na Yanga anajua kwamba lugha yetu inauweza mpira, tena inauremba. Katika vibanda vya Kisii, ambako lugha ya mama ni Kigusii, nilisikia vijana wakiizima sauti ya televisheni na mmoja wao akaitangaza mechi kwa Kiswahili, na kile kibanda kikacheka na kushangilia kuliko kwa sauti ya Mwingereza. Ukisiaji wa kwamba toleo fulani lijalo litakuwa na Kiswahili naupa nafasi kubwa kuliko ule wa Kombe la Afrika, kwa sababu wasemaji wake ni mamilioni na hawakai nchi moja. Lakini hilo nalo litahitaji wa kubisha hodi.

Kuna wasemao haina haja kubisha hodi kwa watu, tutengeneze wetu. Ni neno zuri. Kameruni walifanya: kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mwaka 2016 mchezo wake, Aurion, uliojengwa juu ya visa vya Kiafrika. Na kama kuna watu wa nchi hii ambao hawapaswi kuambiwa kwamba hawawezi kutengeneza vya kuchezea, basi ni Wagusii. Nenda Tabaka utazame mafundi wachongao mawe ya sabuni. Sataranji zao, vipande thelathini na viwili, mfalme na askari wake, hushuka kwa magari mpaka kwenye maduka ya vinyago ya Mombasa na Malindi, na mgeni huzinunua akazipeleka Ulaya akidhani ni kazi ya mtu wa Pwani. Lakini mchezo wa video wa mpira hauchongwi na fundi mmoja kwa patasi. Unataka mamia ya watu na fedha za miaka, na Konami wenyewe, pamoja na ukubwa wao, mwaka 2021 waliuacha mtindo wa kuuza toleo la kila mwaka wakaugeuza wao kuwa eFootball wa bure. Kwa sasa njia iliyo karibu ni ya karatasi.

Mwaka jana, niliambiwa, wale vijana wa Nyamira walipiga picha za wachezaji mazoezini kwa simu, mmoja baada ya mwingine, mbele na ubavuni, kama zitakiwavyo na watengenezaji, wakaandika chini majina, tarehe za kuzaliwa na mguu autumiao kila mmoja. Wameziweka katika faili. Nikawauliza wanataka kumpelekea nani. Hapo mjadala ukaanza upya: huyu anasema klabu, yule anasema Shirikisho, wa tatu anasema moja kwa moja kwa kampuni. Nilipowaaga walikuwa bado hawajaafikiana, na toleo la Septemba lilikuwa limebakiza majuma saba.